Dhoruba Imepita, Ndege Wako Wapi? Maswali ya Watazamaji wa Bara

Kila msimu wa uhamaji wa ndege, mvua kubwa ikishapita, tunaulizwa yale yale: nitoke saa ngapi, nisimame wapi, na mbona nimeamka bure? Safari hii tumechagua maswali ya walio mbali na bahari. Wenzetu wa pwani wana nafuu, maana ndege aliyechoka juu ya maji hana hiari. Nchi kavu ya kwanza anayoiona ndipo anapotua. Bara ni vingine. Huku ana pa kutua kila upande, na anayemtafuta sharti ajue kwa nini atue hapa na si kule.

Mvua ya upepo ilitupiga jana tangu alasiri mpaka usiku wa manane. Alfajiri nikawa bwawani, nikaambulia ndege wale wale wa kila siku. Nimekosea wapi?

Hukukosea mahali. Saa ya mvua ndiyo iliyokunyima.

Ndege wadogo wahamaji, wengi wao, husafiri usiku. Hupaa kati ya nusu saa na saa moja hivi baada ya jua kuzama. Mvua ikiwa imeshawatangulia hawapai kabisa: walioko kwako wanabaki kwako, wa mbali hawaji. Dhoruba hukatisha safari, na safari isiyoanza haikatishwi. Usiku wa kuutamani ni ule ulioanza shwari, upepo ukiwasukuma mgongoni, wakapaa kwa maelfu, halafu kati ya saa 7 na saa 11 wakaingia kwenye ukuta wa mvua au upepo ukawageukia usoni. Hapo hushuka popote walipo.

Kwa hiyo jioni usiishie kutazama anga la kwako; tazama la kule wanakotoka. Hesabu yake si ngumu. Ndege mdogo mwenye upepo wa wastani mgongoni huenda kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Mvua ikitabiriwa kukufikia saa 9 usiku, waliopaa saa 1 jioni watakuwa wameruka kwa saa 8, yaani kilomita 320 hadi 400. Fungua ramani ya upepo kwenye programu kama Windy, rudi nyuma umbali huo kwenye njia yao, uangalie hali ya huko saa 1 jioni. Kukavu? Upepo unaelekea kwako? Ikiwa ni ndiyo na ndiyo, tega kengele. Ukikuta mvua imekaa katikati, kilomita 100 kabla ya kukufikia, lala usingizi wako. Watashuka huko.

Penye rada za hali ya hewa zilizo wazi kwa umma kazi inakuwa nyepesi zaidi, kwa sababu rada huwaona ndege kama inavyoyaona matone. Ndege wakipaa, picha huonyesha duara linalotanuka kukizunguka kituo cha rada muda mfupi baada ya magharibi. Mvua haina umbo hilo, nayo husogea upande mmoja ikiwa na kingo zilizochanikachanika. Nchini Marekani mradi wa BirdCast hutumia rada hizo kukadiria ni ndege wangapi walioko angani usiku.

Mvua ikikatika saa 10 alfajiri, nikae nje mpaka saa ngapi?

Inategemea unamtafuta nani, na hapa ndipo watu hupoteza siku nzima kwa uvivu wa saa moja. Ndege wa matopeni, yaani chamchanga, sululu na jamaa zao, pamoja na buabua, hawangoji mvua ikatike. Hushuka ikiwa inanyesha, na mawingu yakipasuka tu hupaa wakaendelea, pengine baada ya dakika chache. Anayesubiri mvua iishe ndipo avae viatu atakuta nyayo kwenye tope. Anza na maji, manyunyu yakiwa bado yapo.

Ndege wa vichakani wana ratiba yao. Kunapopambazuka utawaona wanahama mti kwa mti, wakitafuta pazuri kuliko pale giza lilipowaangusha. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye mavuno. Ila kukiwa na baridi kali baada ya mvua, wadudu hawatembei, na ndege nao hujificha. Hapo mambo huchangamka saa 3 au saa 4, jua likishapasha majani. Adhuhuri pumzika. Saa moja kabla ya jua kuzama pita tena, maana wanakula kwa pupa kabla ya kuondoka.

Usiku unaofuata ukiwa na nyota na upepo mwema, walio wengi huondoka. Wanaobaki ni waliokonda. Ndege mdogo anayejiandaa kwa safari ndefu anaweza kukaribia mara mbili ya uzito wake wa kawaida kwa mafuta, na yule aliyeyamaliza akipigana na upepo huhitaji siku kadhaa kuyarudisha. Ukimwona ndege yule yule kwenye kichaka kile kile siku ya tatu, usidhani amepapenda. Anajaza tangi.

Nakaa katikati ya bara, hakuna ziwa karibu. Kuna mashamba, mabwawa ya majitaka, kiwanja cha mpira na kilima chenye miti michache. Nianzie wapi?

Mabwawa ya majitaka. Harufu utaizoea.

Yana nzi kwa wingi, yana kingo za tope, na maji yake yana kina cha namna mbalimbali. Omba ruhusa mapema kwa wanaoyasimamia, si asubuhi ile ile getini. Ukifika, angalia kwanza upepo unatoka wapi. Ukitoka mashariki, maji yaliyo chini ya ukingo wa mashariki yatakuwa yametulia, kwa kuwa tuta linayakinga. Hapo ndipo wadudu wanaporuka, na mbayuwayu na teleka watakuwa wakipita juu ya maji karibu kuyagusa. Ukingo wa pili, unaopigwa na mawimbi, hukusanya takataka zinazoelea, wadudu waliokufa na mbegu. Huko tazama ndege wanaookota. Watazamaji wengi husimama mahali pamoja penye starehe, wakauacha ukingo wa pili bila kuukagua hata mara moja.

Kiwanja cha mpira kinadharauliwa bure. Majani mafupi yaliyolowa huwaleta minyoo juu, na dimbwi la siku moja katikati ya uwanja linatosha kumshusha chamchanga aliyekuwa akipita juu. Kina ndicho cha kuangalia: wale wadogo hulisha penye maji ya sentimita 3 hadi 5, wenye miguu mirefu huingia mpaka 10 na zaidi. Dimbwi lenye kina cha ghafla na kingo wima, ni la bata. Mashamba yaliyolimwa karibuni yachukulie hivyo hivyo. Yakague ukiwa ndani ya gari kama unalo, kwa sababu ndege wa tope humwogopa mtu anayetembea kuliko gari lililosimama.

Kilima chenye miti kina thamani kadiri mazingira yake yalivyo tupu. Ndege aliyeshuka usiku kwenye eneo kavu hutafuta kijani kinapopambazuka, na miti kumi iliyosimama peke yake inaweza kubeba ndege wengi kuliko ekari mia za msitu, si kwa kuwa wanaipenda bali hawana pengine. Mstari wa miti ya mto unaokatiza nchi kavu hufanya kazi ile ile. Nenda upande uliokingwa na upepo, na kama jua limetoka, ule linaoupiga. Baada ya dhoruba tazama chini kuliko kawaida yako, kuanzia ardhini mpaka mita 2, maana wadudu wameangushwa na ndege wamewafuata huko.

Halafu simama. Dakika 15 mahali pamoja zinaleta zaidi ya kilomita mbili za kutembea. Kundi la ndege wenyeji likipita, lipepete ndege mmoja mmoja. Mgeni hupenda kujiunga nao, kwa kuwa wenyeji wanajua chakula kiko wapi na mwewe anakaa wapi.

Nimesikia kimbunga kinaweza kumpeleka ndege wa bahari mpaka ziwa la bara. Ni kweli au porojo?

Ni kweli kabisa, na mifano ipo. Kimbunga Idalia kilipoingia Florida tarehe 30 Agosti 2023, heroe walionekana siku zilizofuata hadi Ohio, Pennsylvania na Wisconsin, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuwaona. Nchini Uingereza, dhoruba ya usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 iliwasambaza shakwe wa Sabine kwenye mabwawa ya kusini, ndege ambaye kwa kawaida hupita mbali baharini. Mwaka 1952 petreli wa Leach, ndege wa bahari mwenye uzito wa gramu 45 hivi, walitupwa nchi kavu huko Uingereza na Ayalandi kwa maelfu, wengi wakiwa wamekufa au wanakaribia kufa. Na mwaka 2005, baada ya kimbunga Wilma, teleka wa Amerika Kaskazini walionekana Ulaya Magharibi, ng'ambo ya Atlantiki nzima.

Kujua pa kutazama, fuata njia ya kimbunga. Kaskazini mwa ikweta vimbunga huzunguka kinyume cha mshale wa saa, na upepo mkali zaidi uko kuume kwa njia yake, ukielekeza uso kule kinakokwenda. Kusini mwa ikweta mambo hupinduka: kinazunguka kama mshale wa saa, na upande mkali ni wa kushoto. Huko ndiko wanakosukumwa wengi. Wengine hunaswa ndani ya jicho lenyewe, palipo shwari, wakasafiri nalo mpaka kimbunga kilegee juu ya nchi kavu. Hivyo maji makubwa yaliyo kwenye njia ya kitovu yanastahili kukaguliwa hata kama upepo wenyewe haukuwa wa kutisha.

Hawakai. Mwenye nguvu huondoka siku ile ile, mara nyingi akifuata mto kuteremka baharini, kwa hiyo daraja au pindo kubwa la mto ni mahali pazuri pa kungoja. Ziwani kagua katikati, si kingo pekee. Tafuta shakwe mwenye bawa la pembetatu tatu, nyeusi nchani, nyeupe nyuma yake na kijivu mgongoni: huyo ni wa Sabine. Tafuta pia ndege mdogo wa jamii ya chamchanga anayeogelea huku akizunguka kama pia. Anazungusha maji ili chakula kipande juu.

Lakini usiende kimbunga kikiwa bado kipo. Subiri tahadhari iondolewe na mamlaka ya hali ya hewa.

Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha tu, kozi na keremkerem hujaa angani. Wamesukumwa na dhoruba?

Hapana ndugu, hao wameifuata wenyewe. Mvua ya kwanza hutoa kumbikumbi, na kumbikumbi ni mafuta matupu yanayoruka. Kozi wa Amur, anayezaliana mashariki ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi kwenda kusini mwa Afrika, hutembea na mvua kwa sababu hiyo, akifuatana na teleka na keremkerem. Namna ya kutofautisha: aliyesukumwa huonekana amechoka, yuko chini au amekaa, mara nyingi peke yake. Aliyefuata chakula yuko kundini, juu, anageuka na kunyakua. Tafuta mahali kumbikumbi wanapotoka ardhini, simama mbali kidogo upepo ukiwa nyuma yako, na usihangaike na saa. Wakitoka alasiri, ndege watakuja alasiri.

Teleka wana jambo lao. Dhoruba ikikaribia, wale wa Ulaya huizunguka, wakaruka mbali sana kuikwepa na kurudi ikishapita. Ukiona mamia yao wanapita upande mmoja na anga la nyuma yao ni jeusi, mvua unayo.

Kuna hoteli huko Tsavo inayosemekana ndege huishukia usiku wa ukungu. Yahusu nini na dhoruba?

Yahusu sana, kwa kuwa ni mfano bora wa bara tunaoujua. Ngulia iko ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Mwezi Novemba na Desemba wahamaji kutoka Ulaya na Asia hupita juu yake usiku. Mwezi usipokuwepo na ukungu ukifunika kilima, taa za hoteli huwavuta wakashuka kwa wingi. Watafiti wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu laini, kuwavisha pete na kuwaachia tangu mwaka 1969, na ndege wadogo wa vichakani kama Acrocephalus palustris na Luscinia luscinia, ambao ukiwatafuta mchana vichakani utawaona kwa shida, huko hupatikana kwa mamia.

Tazama vilivyokutana: giza, ukungu, mwinuko na mwanga. Kimoja kikikosekana, mwezi ukiwaka kwa mfano, ndege hupita juu kwa juu. Nawe kwenye kilima chako unaweza kuziangalia siku za namna hiyo kwenye kalenda ya mwezi.

Mwanga wenyewe ni tatizo. Ndege aliyenaswa ndani ya mwanga usiku wa mvua huzunguka mpaka achoke au agonge kioo. Jijini New York, taa za kumbukumbu ya tarehe 11 Septemba huzimwa kwa dakika 20 ndege wakizidi 1,000 ndani ya mwanga, nao hutawanyika. Nyumbani, usiku wa aina hiyo, zima taa za nje na ushushe mapazia. Usiwashe taa kali ili uwaone. Hayo yana watafiti wenye vibali, na wao hawaishii kuwaita, huwapima na kuwaachia salama.

Darubini ya 8x42 au 10x42? Na yangu huingia ukungu kila nikitoka mvuani.

Baada ya dhoruba, 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 upate 5.25, hicho ndicho kipenyo kwa milimita cha mwali unaoingia jichoni. Ya 10x42 hutoa 4.2. Chini ya mawingu mazito tofauti hiyo inaonekana, na mkono uliotikiswa na upepo hutikisika zaidi kwenye ukuzaji wa 10.

Ukungu wa nje unatokana na pumzi yako na joto la mfukoni. Ning'iniza darubini juu ya koti, si ndani yake, na isogeze mbali na pua unapopumua. Ukungu wa ndani ya lenzi ni habari nyingine: mpira wa kuzuia hewa umechoka. Iweke ndani ya chombo kinachofunga pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu kwa siku mbili tatu, kisha ipeleke kwa fundi kabla kuvu haijaota, maana kuvu hula mipako ya lenzi na haisafishiki ikaisha. Tone la mvua lipukute au lipulize kwanza, ndipo upanguse kwa kitambaa laini. Ukipangusa na shati lenye vumbi unapiga msasa.

Kwa darubini kubwa ya kusimamisha, usipandishe ukuzaji juu ya 30 kwenye upepo. Fupisha tripodi: acha vipande vyembamba vya chini vikiwa vimefungwa, usiinue nguzo ya kati, ning'iniza mkoba katikati, kisha uchuchumae. Magoti yanauma, picha inatulia.

Nilimwona ndege mweusi mweusi, mdogo, mwenye doa jeupe kiunoni. Kitabu kizima hakina. Ni nani?

Pengine ni ndege wa kawaida aliyelowa. Manyoya yaliyoloa huwa meusi zaidi, hushikana yakaonyesha ngozi, mkia unaonekana mwembamba, na kimo kinapungua machoni. Rangi ndiyo ya kwanza kudanganya. Shika mambo yasiyolowa: urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa, urefu wa miguu, jinsi anavyotembea, na kama anatikisa mkia. Mlinganishe na ndege unayemjua aliye karibu naye, kwa kuwa juu ya maji matupu hakuna anayeweza kukisia ukubwa, hata sisi.

Andika kabla ya kufungua kitabu. Kitabu kikishakuonyesha picha, kumbukumbu yako huanza kuifuata. Ukiwa na kamera, ongeza mwangaza kwa hatua 1 hadi 1.7 ndege akiwa mbele ya anga la kijivu, vinginevyo utapata kivuli. Kasi ya shata isipungue 1/1000 kwa ndege anayeruka, na uiache hisia ya mwanga (ISO) ipande. Picha yenye chenga inatambulika, iliyotikisika haitambuliki. Kuhusu huyo wako: angerudi kukauka kwenye waya au tawi baada ya saa moja, na hapo ungemjua.

Je, nikicheza sauti ya ndege kwenye simu ili atoke kichakani?

Usicheze. Aliyeshushwa na dhoruba anahesabu gramu. Kila dakika anayoitumia kumtafuta mpinzani asiyekuwepo ni dakika asiyokula. Akiacha kula na kuinua kichwa kukutazama, umeshakaribia mno. Rudi hatua kumi.

Wazee wangu, shikamooni. Nimeokota teleka ardhini baada ya mvua. Mama anasema nimpe mkate na maji. Nimfanyeje?

Marahaba. Mama tunamheshimu, ila mkate hapana, na maji usimtie mdomoni kabisa. Yakiingia kwenye mapafu umemuua.

Chukua kasha la karatasi ngumu lenye matundu, tandika kitambaa kisicho na nyuzi zinazoning'inia, mfunike ndege kwa taulo ndogo umtie humo, ufunge. Giza humtuliza. Liweke mahali pakavu pasipo jua kali, mbali na watoto na paka, saa moja hadi mbili. Usifungue kila mara kuchungulia. Akikauka na kuchangamka, mabawa yote mawili yakiwa sawasawa, nenda mahali peupe, mlaze kwenye kiganja kilichonyooka, inua mkono juu ya kichwa ungoje. Teleka ana miguu mifupi mno, kupaa kutoka ardhini kunamshinda mara nyingi, lakini kutoka kiganjani huweza. Usimrushe. Asipotaka kwenda, au bawa likining'inia, anahitaji daktari wa wanyama au idara ya wanyamapori.

Ndege wa bahari wana namna yao ya kujitetea. Petreli hutema mafuta yanayonuka na kushika nguo. Ndege wenye mdomo mrefu kama korongo hulenga macho. Shika kichwa kwanza, nyuma ya taya, uso wako ukiwa mbali. Na ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiguse hata mmoja. Huenda si dhoruba bali mafua ya ndege. Piga picha, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo au wanyamapori.

Mfu mmoja mwenye pete mguuni anasomeka bila kushikwa: tumia kijiti kuigeuza pete, piga picha pande zote mpaka namba na anwani zionekane, uzitume kwa anwani hiyo.

Radi je? Nakaa mahali pa wazi na tripodi ya chuma.

Ondoka. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, ingia kwenye jengo au gari lililofungwa. Mti uliosimama peke yake kilimani, ule ule tuliousifu hapo juu, ndio mbaya kuliko yote. Toka tena dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kwenye njia zilizofurika, maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulibeba gari dogo. Waya ulioanguka uchukulie kuwa una umeme, na usiukaribie. Msituni angalia juu kabla ya kusimama, kwa sababu matawi yaliyovunjika hukaa yamekwama, yakaanguka siku ya pili upepo ukiwa umeshatulia.

Nikirudi bila kuona kitu, kuna haja ya kuandika?

Ipo, na watu hawafanyi. Kwenye eBird, mtandao wa kuwekea orodha za ndege ulioona, au daftari lako andika saa uliyoanza na kumaliza, umbali uliotembea, ndege wote uliowaona na idadi yao, hata kama ni shakwe wawili. Ongeza mstari mmoja wa hali ya hewa: mvua ilianza saa ngapi, ilikatika saa ngapi, upepo ulitoka wapi usiku. Makundi makubwa yahesabu kumi kumi, ukishazoea mia mia, na usiandike "wengi" tu. Wengi wako huenda ni 40, wengi wa mwenzako 4,000.

Ukiwa na asubuhi ishirini za namna hiyo, ziweke sambamba na saa za mvua. Utaanza kuona bwawa lako hujaa mvua ikifika saa ngapi, maana kila mahali pana saa yake, kulingana na umbali kutoka pale ndege wanapopaa. Hiyo huwezi kuisoma kwa mtu mwingine, hata kwetu.